Kidude cha Betri Nne Kilichovishinda Vyenye Rangi

Ndugu msikilizaji, jambo la juma hili huenda ukaliona dogo. Nataka tuzungumzie kidude cha mchezo, kile cha kushika mkononi kiitwacho Game Boy, kilichotoka Japani mwezi Aprili mwaka 1989. Wazazi wengi walikichukia kwa kuwa kiliwaibia watoto saa za vitabu, nami sitabishana nao. Lakini kila mmoja wetu amewahi kusimama dukani akijiuliza anunue chombo kipi, kinachong'aa au kinachodumu, na sijaona mahali swali hilo lilipojibiwa wazi kama ndani ya plastiki ile ya kijivu.

Kampuni yenyewe, Nintendo ya mji wa Kyoto, haikuanza na umeme. Ilianzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua. Mwaka 1965 ilimwajiri kijana aliyesomea umeme, Gunpei Yokoi, kazi yake kuzitunza mashine za kutengenezea karata. Mashine zikiwa nzima fundi hana la kufanya, basi kijana akajiundia mkono wa bandia unaorefuka na kushika vitu vya mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumfukuza kazi alimwagiza autengeneze uuzwe, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Wakuu wa namna hiyo ni wachache, lakini tuendelee.

Baadaye Yokoi, akiwa safarini katika treni ya mwendo kasi, alimwona mtu mzima akijiondolea uchovu kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Wakati huo viwanda vya vikokotoo vilikuwa vimeshindana hata bei ya vioo vyake ikaporomoka. Yokoi akachukua vioo hivyo hivyo na betri zile zile ndogo, akatengeneza mchezo wa mfukoni uliotoka mwaka 1980 kwa jina la Game & Watch. Hapo ndipo ilipoonekana falsafa yake: chukua teknolojia iliyokwisha kunyauka, ambayo kila fundi anaijua na bei yake imeshuka, kisha uitumie kwa njia ambayo wengine hawakuifikiria.

Game Boy iliyafuata hayo hayo. Ukiifungua unakuta ubongo wa biti 8 uliotengenezwa na kampuni ya Sharp, unaokwenda mizunguko milioni 4 na kitu kwa sekunde, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 8 tu, pamoja na nyingine 8 za picha. Hata mwaka 1989 huo haukuwa ubongo wa kujivunia. Kioo chake kina nukta 160 kwa 144, na kila nukta ina viwango vinne tu vya weusi juu ya rangi ya kijani iliyopauka. Hakina taa. Ni kioo cha aina ya saa ya mkononi: hakitoi mwanga wake, kinauzuia au kuuachia mwanga unaokuja kutoka nje. Kwa hiyo gizani huoni kitu, na picha ikienda mbio huacha kivuli nyuma yake kama moshi. Kasoro hizo zilikuwa za kweli, na waliozilalamikia hawakukosea.

Washindani waliziona pia. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear. Zote mbili zilikuwa na rangi, na nyuma ya kioo mlikuwa na kijitaa cha tyubu. Ukiziweka pamoja juu ya kaunta, Game Boy ilionekana maskini. Lakini taa hula umeme. Mashine hizo zilitaka betri sita, zile nyembamba za saa ya ukutani, na zilizimaliza kwa saa zisizozidi tano hivi. Game Boy ilitaka nne, ikaenda nazo kiasi cha saa 15. Piga hesabu: kucheza saa hizo 15 mwenzako amekwisha kununua betri 18. Tena Lynx iliuzwa Marekani karibu dola 180, na Game Boy dola 90. Mzazi hahitaji kwenda chuo kikuu kuielewa hesabu hiyo.

Mchezo nao ulichangia. Henk Rogers, mfanyabiashara wa michezo, aliwashauri wakubwa wa Nintendo ya Marekani waiuze mashine pamoja na Tetris, mchezo wa kupanga matofali yanayoshuka, ili wacheze hata watu wazima. Tetris hauhitaji rangi wala mbio, kwa hiyo kioo kile duni kiliutosha kabisa. Wengi wetu tuliujua kwenye vile vidude vya bei rahisi visivyo na jina, ambavyo havikujua kingine ila matofali. Aliyeubuni, Alexey Pajitnov, alikuwa mtumishi wa kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi mjini Moscow. Haki zikashikwa na dola ya Kisovieti, na mamilioni yalipouzwa yeye hakupata fungu lake katika mauzo hadi mwaka 1996, haki zilipomrudia. Hilo, ndugu zangu, bado linaniuma kila nisikiapo mtu akiusifu mchezo ule.

Mwaka huo huo wa 1996, watu wakidhani mashine imezeeka, ukatoka Japani mchezo wa Pokémon, ambao wachezaji wawili huunganisha mashine zao kwa waya na kubadilishana vijidudu. Waya huo ulikuwapo tangu mwanzo. Mashine ikapata uhai mpya, na pamoja na ndugu yake wa rangi wa mwaka 1998 zikauzwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi hakuyaona hayo yote. Mwaka 1995 mashine yake nyingine, Virtual Boy, yenye picha nyekundu tupu, iliwachosha watu macho na haikununuliwa. Mwaka uliofuata aliondoka Nintendo, akafungua kampuni yake, akaanza kuisaidia kampuni ya Bandai kubuni mashine mpya ya mkononi. Tarehe 4 Oktoba 1997 aligongwa na gari barabarani akafa, akiwa na miaka 56. Mashine ile, WonderSwan, ilitoka mwaka 1999 ikiwa na mchezo wa mafumbo uitwao Gunpey, kwa heshima yake. Haikuwa na rangi wala taa, na ilitumia betri moja.