Hadubini ya Eksirei: Kuiona Seli Nzima Bila Kuikata

Mwanafunzi atazamapo ganda la kitunguu kwa hadubini ya shule huona kuta za seli na kiini chake, lakini vilivyo vidogo zaidi hubaki ukungu hata akibadilisha lenzi. Kasoro si ya lenzi. Mawimbi ya nuru ni marefu mno, na hadubini ya kawaida haiwezi kupambanua vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya nanomita 200 hivi. Hadubini ya elektroni huuvuka mpaka huo, ila hudai seli ikatwe vipande vyembamba sana, kwani elektroni hazipenyi mbali. Eksirei zina mawimbi mafupi, na tena hupenya seli nzima.

Ugumu ni kuzikusanya. Röntgen mwenyewe, alipozigundua mwaka 1895, alijaribu kuzipinda kwa lenzi asifanikiwe; kioo huzifyonza, na karibu hakizipindi kabisa. Badala ya lenzi hutumika kisahani chenye pete nyingi, pete wazi ikifuatwa na pete iliyozibwa kwa dhahabu au nikeli, kila moja ikiwa nyembamba kuliko iliyo ndani yake. Zimepangwa ili safari ya mionzi kutoka kila pete wazi hadi nukta ya kukutania izidi ile ya pete wazi iliyotangulia kwa wimbi moja kamili. Hivyo vilele vya mawimbi hufika pamoja na kuimarishana. Upana wa pete ya mwisho ndio huamua udogo wa kitu kitakachoonekana: ukiwa nanomita 25, tutapambanua takriban nanomita 30. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: kipenyo cha kisahani, mara upana wa pete ya mwisho, gawanya kwa urefu wa wimbi, hutoa umbali wa nukta ya kukutania. Kwa kipenyo cha mikromita 60 na wimbi la nanomita 2.4, jibu halifiki hata milimita moja. Pete za namna hiyo huchorwa kwa mwali wa elektroni.

Wimbi hilo halikuchaguliwa ovyo. Kati ya nanomita 2.3 na 4.4, oksijeni hufyonza eksirei kidogo ilhali kaboni huzifyonza sana. Kwa hiyo maji hupitisha mionzi, na protini na mafuta ya seli hutoa vivuli bila kutiwa rangi yoyote. Wanafizikia huliita eneo hilo dirisha la maji.

Hapa ndipo mbunifu anapokabiliwa na uamuzi mzito. Kisahani cha kawaida hukusanya chini ya sehemu moja kwa kumi ya mionzi. Günter Schmahl na wenzake wa Göttingen, Ujerumani, walioanza kazi hii katika miaka ya 1970, walikiweka nyuma ya seli: picha nzima hupatikana mara moja, lakini mionzi inayopotea imekwisha kuidhuru seli. Janos Kirz na wenzake, Marekani, walikiweka mbele ya seli na kuipitia nukta kwa nukta. Seli husalimika zaidi, ila kazi huenda polepole.

Madhara hayo si madogo. Ili kuona kitu chenye nusu ya ukubwa wa awali, kipimo cha mionzi huongezeka kama mara 16, na picha nzuri huweza kuhitaji grei milioni moja. Grei chache tu humuua binadamu. Kwa sababu hiyo seli hugandishwa kwa ghafla, barafu isipate kufanya fuwele, kisha hupigwa picha ikiwa katika ubaridi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikizungushwa kidogo kidogo mbele ya mionzi, kompyuta huunda umbo lake kamili.

Seli nyekundu ya damu, yenye upana wa mikromita 7 au 8, hupenyeka vizuri. Mwaka 1997 watafiti waliotumia hadubini ya Berkeley, California, walichapisha picha za kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kikiwa ndani ya seli hizo zisizokatwa.

Mionzi ya Berkeley hutoka katika sinkrotroni, mtambo wa kuzungusha elektroni unaojaza jengo zima. Huko Stockholm, Sweden, wataalamu wameunda hadubini inayoenea chumbani: leza hupiga mchirizi wa naitrojeni kimiminika, nao hutoa eksirei za dirisha la maji. Mionzi yake ni hafifu, hivyo picha moja huchukua muda mrefu zaidi.