DHARURA HAINGOJI FOLENI



Tunapojadili huduma za afya katika sharika, ombi linalotangulia mara nyingi ni gari la wagonjwa. Ombi hilo ni la haki, hasa kwa wenzetu wa Tegetero, Kinole na Mgeta, ambako mgonjwa huweza kushushwa mlimani kwa machela kabla ya kuifikia barabara. Hata hivyo, gari humfikisha mgonjwa mlangoni tu. Linalofuata pale mlangoni huamua mengi.

Nchini kwetu tiba ya dharura ni fani changa. Idara yake katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu cha MUHAS kilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma za dharura kwa watumishi wa sehemu zenye vifaa vichache. Kwa hiyo hata zahanati inaweza kufuata viwango vitatu vifuatavyo.

Kwanza: Uzito wa hali, si zamu ya kufika
Mtumishi aliyefundishwa humpima mgonjwa haraka: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Anayepumua kwa shida humtangulia aliyevunjika kidole, hata kama huyo alifika alfajiri.

Pili: Tiba kabla ya fomu na fedha
Fomu ya polisi, PF3, ni kumbukumbu ya majeraha inayotumika kama ushahidi. Haizuii damu kuvuja. Ndugu mmoja aifuate kituoni wakati mgonjwa anahudumiwa. Kuhusu malipo, Msamaria mwema alifunga majeraha kwanza, ndipo akatoa fedha. Lakini tukumbuke kwamba fedha alitoa. Kituo kikitibu kila dharura bila kulipwa, dawa zitakwisha, na muuguzi wa zamu ndiye atakayeulizwa. Kumhimiza awe na huruma hakutoshi. Anahitaji utaratibu ulioandikwa unaomruhusu kuanza tiba bila kusubiri idhini, pamoja na mfuko mdogo wa kufidia dawa zilizotumika.

Tatu: Rufaa yenye maelezo
Barua ya rufaa itaje hali ya mgonjwa, dawa alizopewa na saa alizopewa. Hospitali ipigiwe simu kabla hajaondoka. Kwa wajawazito na watoto wachanga upo mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa kitaifa mwaka 2022, ambao husaidia kupata usafiri wa dharura kwa kupiga 115 bila malipo.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, likalipuka wakati watu wakichota petroli. Zaidi ya watu 100 walifariki. Majeruhi walipokelewa hospitali ya mkoa, na baadhi wakahamishiwa Muhimbili. Siku ya namna hiyo hakuna nafasi ya kubuni utaratibu; hutumika ule uliozoeleka siku za kawaida.

Tunaziomba kamati ziulize zahanati za maeneo yao: Nani humpima mgonjwa anapofika? Muuguzi wa usiku anaruhusiwa kuanza tiba bila malipo? Dawa hizo hurudishwa kwa fedha ipi? Namba za simu za hospitali ya rufaa zimebandikwa wapi?

Kwa wafadhili wetu, mafunzo na mfuko wa dharura havina picha nzuri kama gari jipya. Lakini bila hivyo, gari hilo litamwahisha mgonjwa kwenye foleni.