Mkanda Mweusi Si Kibali cha Ulingoni

Wazazi hapa Mwanza hutuuliza: je, kijana aliyehitimu karate yuko tayari kwa pambano la kulipwa? Jibu letu ni hapana. Kuogelea kando ya Ziwa si kuvuka hadi Ukerewe. Karate hufunza nidhamu na pumzi, lakini mazoezini pigo aghalabu huzuiwa. Ulingoni mpinzani hulipwa ili aangushe. Mwaka 1976, jijini Tokyo, bingwa wa ngumi Muhammad Ali alipambana raundi 15 na mwanamieleka Antonio Inoki. Walitoka sare, naye Ali akaondoka na miguu iliyojeruhiwa kwa mateke. Kila mchezo huandaa kwa kanuni zake.

Zaidi ya hayo, Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Basi watoto wetu wajifunze kujilinda, wala wasiuze vichwa vyao kwa ujira wa usiku mmoja.