UZI: China kumeendelea. Sasa mbona Wachina bado wanahama?

1/ Siasa ikipamba moto, lazima mtu alete China. Mmoja atasema, "China wametuacha mbali, tufuate njia yao." Mwingine atamjibu, "Kama kwao ni kuzuri hivyo, mbona wamejaa Nairobi wakiuza vyombo na viatu?" Wote wawili wanapigiwa makofi. Leo wacha tuichambue hoja hii polepole. Kama kawaida yangu, hakuna jina la mtu wala chama.

2/ Tuanze na hesabu. Kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2023, pato la China kwa kila mtu lilikuwa karibu dola 13,000. Marekani ni zaidi ya 80,000. Kenya ni karibu 2,000. Ukiishia hapo, utasema Mchina aliyeenda Marekani ameukata na aliyekuja Kenya amepotea njia. Lakini wastani hauliwi, watu wangu.

3/ Bei nazo zinatofautiana. Dola moja hununua vitu vingi zaidi China kuliko Marekani. Ukiingiza hiyo tofauti ya bei, pato la Mchina linakaribia kuwa mara mbili. Marekani bado iko juu, lakini si kwa umbali ule tuliodhani.

4/ Januari 2025, TikTok ilipokaribia kufungwa Marekani, Wamarekani wengi walikimbilia Xiaohongshu, mtandao wa Wachina. Wakaanza kulinganisha maisha: kodi ya nyumba, mboga, saa za kazi, hospitali. Wachina wakaliita zoezi hilo kulinganisha hesabu, kama wenye duka wawili wanaokagua vitabu vyao. Kilichowashtua Wachina wengi ni kusikia kuwa kubebwa na ambulensi Marekani kunaweza kukuletea bili ya maelfu ya dola.

5/ Ukimuuliza Mchina aliye ng'ambo anakosa nini cha kwao, orodha ni ndefu. Treni ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,318, kwa kama saa nne na nusu (sisi Nairobi hadi Mombasa, chini ya kilomita 500, ni kama saa tano). Chakula kuletwa mlangoni upesi na kwa bei ndogo. Kutembea usiku bila kushikilia mfuko. Halafu anahamia mji mdogo Canada au Italia: maduka yanafungwa mapema, na fundi wa mabomba anataka pesa ambayo kwao ingelipa kazi ya siku kadhaa.

6/ Sasa swali ambalo watu hulikwepa: kwa nini huduma kwao ni bei ya chini? Manake anayekuletea hicho chakula analipwa kidogo. China ina karibu watu milioni 300 waliotoka vijijini kufanya kazi za vibarua, viwanda na huduma. Na kuna hukou, usajili wa makazi uliowekwa kisheria mwaka 1958. Unaweza kujenga Shanghai miaka 15, na mtoto wako bado akalazimika kurudi mkoani kwenu kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu.

7/ Si maneno yangu tu. Mei 2020 serikali ya China yenyewe iliwaambia wanahabari kwamba watu milioni 600 walikuwa na kipato cha kama yuan 1,000 kwa mwezi. Wakati huo hiyo ilikuwa takriban shilingi 15,000 zetu. Nchi ni ile ile yenye treni ya ajabu.

8/ Kwa hivyo, nani anahama? Kundi la kwanza ni watu wa kazi za mikono. Wa Fuzhou wameenda New York kufanya kazi mikahawani, wa Wenzhou wakaenda Prato, Italia, kwenye karakana za nguo. Wengine hurudisha watoto wachanga China walelewe na nyanya, kwa sababu hakuna wa kuwaangalia. Pesa zinajenga jumba la ghorofa kijijini, na ndani anaishi mzee mmoja. Ushago kwetu tunazijua hizo nyumba, si ndio?

9/ Kundi la pili ni wasomi wa mijini. Hawa wanakimbia 996: kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama kuu ya China ilisema Agosti 2021 kuwa ni kinyume cha sheria, ila tabia haikuisha siku hiyo. Wanakimbia pia bei za nyumba na mashindano ya shule. Na baada ya Shanghai kufungiwa 2022, wengi waliongeza neno uhuru kwenye orodha. Huko waendako wananunua muda, na wanaulipia kwa upweke na foleni ya daktari.

10/ Kundi la tatu ni wale tunaowaona Kamukunji na kwingineko. Kwao wauzaji wa bidhaa ile ile ni wengi mno na faida ni nyembamba. Hapa faida ni nono, na kiwanda anakijua. Kuja kwake hakuthibitishi kwamba China ni kubaya wala Kenya ni kuzuri. Kama leseni na ushindani vinaumiza mfanyabiashara wetu, hilo ni jambo la sheria zetu. Lijadiliwe hivyo.

11/ Basi mtu akikuletea China jukwaani, muulize matatu:
– China ya nani? Ya mwenye hukou ya Beijing au ya kibarua?
– Unalinganisha mshahara, bei, au muda wa kupumzika?
– Hiyo nafuu unayoisifu, nani anailipia?

12/ Hilo la tatu ndilo langu. Hata hapa, maisha ya Mkenya wa kipato cha kati ni mepesi kwa sababu mama wa kufua na kijana wa boda wanalipwa kidogo. Akifika ng'ambo ndipo anagundua nani alikuwa akimbeba. Mtu akiahidi kutufanya China, nataka kwanza aniambie yule mama atakuwa kundi gani.

Umeishi China, au una ndugu huko? Tuambie hapa chini: ni nini kilikuwa rahisi, na ni nini kilikushinda?