Kwa nini pikapu huunguza klachi mpya mara kwa mara

Pikapu ya dizeli inayosafirisha kabichi kutoka Kinangop hadi Nairobi inapobadilishwa klachi mwezi wa Machi, kisha Julai, halafu tena kabla ya Krismasi, mwenye gari huanza kumshuku dereva, naye dereva humlaumu aliyeuza spea. Fundi, kwa upande wake, huteremsha giaboksi, hutia pleti nyingine na kudai ujira wake. Ni nadra yeyote kati yao kuichunguza pleti iliyotolewa ili kubaini kilichoiua.

Klachi iliyofungwa vyema na kutumiwa kwa uangalifu huweza kuhimili zaidi ya kilomita 100,000. Ikiisha baada ya kilomita elfu chache, tena mara mbili mfululizo, basi tatizo halipo kwenye pleti pekee. Kiini chake kingali ndani ya gari hata baada ya pleti mpya kufungwa.

Pleti ya klachi imevikwa nyenzo ya msuguano pande zote mbili. Hubanwa kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililo nyuma ya injini, na bamba lenye springi ambalo mafundi huliita presha. Dereva akikanyaga pedali, silinda ya juu husukuma mafuta ya breki hadi silinda ya chini, nayo husukuma beringi inayoilegeza presha. Madhara hutokea pale pleti inapokuwa haijabanwa kikamilifu wala haijaachiliwa: huteleza, hupata joto na kulika.

Uchunguzi wa busara huanza kabla ya giaboksi kuguswa. Endapo klachi hushika sawasawa asubuhi, lakini huanza kuteleza gari likishapata joto katika mlima wa kutoka Mai Mahiu, mfumo wa mafuta ndio wa kushukiwa kwanza. Fimbo ya pedali ikirekebishwa hata ikakosa ulegevu wa milimita chache, tundu la kurejeshea mafuta ndani ya silinda ya juu huzibika. Mafuta hupanuka kwa joto na kukosa pa kwenda, yakawa yanaikanyaga klachi bila ya mguu wa mtu. Mpira wa mafuta uliovimba kwa ndani huleta balaa lilo hilo.

Kuthibitisha jambo hili hakuhitaji mtambo wowote. Gari likiwa limezimwa na kuzuiwa lisisonge, skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini hulegezwa wakati huo huo klachi inapoteleza. Mafuta yakiruka kwa shinikizo ilhali hakuna aliyekanyaga pedali, kisha klachi ikashika tena baada ya skrubu kukazwa, hakuna haja ya kununua pleti. Pengine ni silinda au mpira tu, na gharama yake haifiki hata karibu na ile ya klachi nzima.

Giaboksi ikishateremshwa, pleti kuukuu yenyewe ndiyo shahidi. Ikiwa imelowa mafuta, sharti yajulikane yametoka wapi. Mafuta mazito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi. Yale meusi mfano wa masizi ni ya injini, nayo hupitia kwenye sili ya nyuma. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Hubadilisha sili, na baada ya miezi michache huvuja tena. Injini ya dizeli iliyochakaa ringi za pistoni, au ambayo bomba lake la kupumulia limeziba, hujaza shinikizo ndani yake, na shinikizo hilo huyasukuma mafuta yatoke popote panapolegea. Moshi ukipuliza kwa nguvu kutoka kwenye mdomo wa kutilia oili injini ikinguruma, sili mpya haitadumu.

Pleti kavu iliyoungua huku flaiwili ikiwa na mabaka ya buluu na nyufa ndogondogo ni ushahidi wa joto kupindukia. Flaiwili ya namna hiyo hukerezwa au hubadilishwa. Kufunga pleti mpya juu yake ni kutupa pesa. Baadhi ya pikapu za dizeli za miaka ya karibuni zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, na hiyo haikerezwi kiholela. Meno ya katikati ya pleti yakiwa yamelika upande mmoja, fundi na aangalie iwapo pini zinazolinganisha injini na giaboksi zimo. Hupotea kwa urahisi gari linapofunguliwa mara nyingi, na bila hizo giaboksi hukaa upogo.

Vipuri navyo vina hila zake. Presha ya injini ya petroli yaweza kuingia barabara kwenye ya dizeli, ikalingana matundu na kipenyo, lakini springi zake zikashindwa kuibana pleti dhidi ya nguvu ya dizeli, ambayo huja kwa wingi injini ikizunguka polepole.

Mwenye gari naye hawezi kukwepa lawama. Pikapu nyingi za aina hii huundwa kubeba takriban tani moja. Springi za nyuma zinazoongezwa ili ibebe mbili huzuia bodi isiiname, ila haziongezi hata chembe ya nguvu kwenye klachi. Kama dereva huondoka kwa gia ya pili, huliegemeza gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono, au hupumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, pleti itakuwa kavu, imeungua pande zote sawasawa, na mfumo wa mafuta hautaonyesha kasoro yoyote. Kwenye matope ya masika, pikapu inayoendeshwa na magurudumu manne huwa na gia za chini zilizowekwa kwa ajili hiyo, lakini madereva wengi huzisahau.

Kabla ya kulipa, inafaa mwenye gari adai apewe pleti, presha na beringi za zamani azione mwenyewe. Na klachi mpya isitwikwe shehena nzito katika kilomita 500 za mwanzo, kwani nyuso zake huwa bado hazijashikana vyema na flaiwili.