Kivumbasi kinafukuza mbu, ila si kwa kusimama tu uani

Kwenye viwanja ambavyo havijajengwa huko Bunju, Mabwepande, Chamazi na Mbande, Dar es Salaam, kivumbasi huota chenyewe, na fundi akija kuchimba msingi ndicho cha kwanza kufyekwa. Baadaye mwenye nyumba hununua dawa ya mbu ya kuchoma dukani. Ninachokisemea hapa ni kile kichaka kinachofikia kimo cha mtu, si kile kifupi cha magotini, ingawa vyote ni jamii moja na mrehani. Shina lake changa lina pembe nne, majani yana meno pembeni na hukaa mawili mawili yakitazamana, na vimaua vyake vyeupe vilivyofifia hupanda ngazi kwa ngazi kwenye kikonyo kirefu ambacho nyuki hawakiachi. Fikicha jani moja, utasikia harufu ya karafuu. Hiyo ni yujenoli, mafuta yaleyale yaliyomo kwenye karafuu za Unguja na Pemba, na mwaka 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walieleza kuwa ndiyo inayofukuza fukusi wa mahindi. Vipo vichaka vyenye mafuta ya aina nyingine, kwa hiyo wa kuchukua mbegu aamini pua yake kabla ya macho.

Wengi wanaokipanda huamini kwamba kikishakuwa karibu na dirisha, kazi imekwisha. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2002 hayaungi mkono imani hiyo kikamilifu. Mimea hai ya jamii ya mrehani iliyowekwa kwenye vyungu ilipunguza mbu kwa kiasi cha theluthi tu au zaidi kidogo, lakini majani ya kivumbasi yalipopashwa moto bila kuunguzwa, mbu walipungua kwa takriban nusu. Kuyachoma moja kwa moja kulileta nafuu ndogo zaidi. Sababu inaeleweka: mafuta yamehifadhiwa ndani ya vitezi vidogo mno juu ya jani, na hayatoki kwa wingi mpaka jani lisuguliwe au lipate joto. Njia ya maana basi ni kuweka kipande cha bati juu ya jiko la mkaa lililokwisha kupikia, nje barazani, na kutandaza majani mabichi juu yake. Ndani ya chumba wanamolala watoto, hapana. Moshi wa mkaa ni hatari kuliko mbu wachache.

Atakayesema chandarua kinatosha ana haki kwa saa za kulala, na kivumbasi hakiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na jioni, wakati watu wapo uani wakipika na kufua. Hapo ndipo kichaka hiki kinapohitajika. Wapo pia wanaohofu kwamba vichaka hufuga mbu. Mbu huzaliana majini, kwenye ndoo, matairi na vyoo vya shimo. Kichakani hujipumzisha tu, na kichaka kinachokatwa mara kwa mara hakiwapi kivuli cha kutosha.

Kukikuza hakuna ugumu. Mbegu ni ndogo sana na huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo changanya na mchanga, nyunyiza juu ya kitalu mwanzoni mwa vuli au masika, usizifukie. Hamisha miche ikipata majani manne hadi sita, iachane kiasi cha mita moja, penye jua. Udongo wetu wa kichanga unakifaa ukiongezewa samadi kidogo. Kata ncha kabla maua hayajakomaa ili kitoe matawi na majani mengi, ila bakiza vikonyo viwili vitatu kwa ajili ya nyuki na mbegu za msimu unaofuata.