Kwa Nini Maduka Mengine Huzaa Matawi na Mengine Hufa

Ninyi mnaosikiliza katika vikundi, chagueni mwenzenu mmoja ashike kalamu na daftari, maana leo tuna hesabu kidogo. Mwishoni nitawaachia maswali ya kuzungumza.

Somo la leo ni hili: kwa nini duka moja likifungua matawi hustawi, na jingine likifungua matawi hufa, hata lile duka la kwanza likafa nalo?

Pengine msikilizaji wa Ntobeye atasema, "Mwalimu, habari ya maduka yenye matawi ni ya watu wa Nairobi na Dar es Salaam. Sisi huku Ngara tuna viduka vya sabuni, chumvi na mafuta." Ndugu yangu, usiseme hivyo. Siku utakapotamani kufungua duka la pili kule Rulenge au Kabanga, siku hiyo nawe umekuwa mwenye maduka yenye matawi, na ugonjwa uliowaua wakubwa waweza kukuua wewe. Tena duka la kijiji likifa, haliumizi mwenye duka peke yake. Jirani aliyekukopesha fedha za kahawa yake amepotewa, na kikundi kilichokuamini akiba yake kimepotewa.

Basi tuwatazame hao wakubwa kwanza. Twende Kenya, katika nchi ya Nakuru, maana huko ndiko zilikotoka kampuni tatu za maduka makubwa: Nakumatt, Tuskys na Naivas. Nakumatt ilianza kwa kuuza magodoro, na jina lake ni kifupi cha Nakuru Mattress. Ilikua mpaka ikawa na maduka yapata 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2014 ilinunua maduka matatu ya kampuni ya Afrika Kusini, Shoprite, iliyokuwa ikiondoka Tanzania. Watu walisema, "Huyu ndiye simba wa Afrika Mashariki." Lakini mwaka 2017 wateja walikuta rafu tupu. Wenye kuleta bidhaa walikataa kuleta, kwa kuwa hawakulipwa. Wenye majengo walidai kodi na kuwatoa. Mwezi wa Januari 2018 mahakama iliweka msimamizi juu ya kampuni, na mwaka 2020 wadai wakaamua ivunjwe. Maduka 6 tu ndiyo yaliyobaki, na aliyeyachukua ni Naivas.

Tuskys nayo ilifuata njia hiyo hiyo. Warithi waligombana miaka mingi, madeni ya wenye bidhaa yakapanda, na kuanzia mwaka 2020 maduka yake yakafungwa moja baada ya jingine. Lakini Naivas, iliyoanza mwaka 1990 katika nchi hiyo hiyo ya Nakuru, ilizidi kukua mpaka ikafikisha maduka yapata 100.

Sasa jiulizeni. Mahali pamoja, bidhaa zile zile, wateja wale wale. Nini kilichowatenganisha? Wengine watasema bahati. Si bahati. Naivas nayo ilikuwa na ugomvi wa jamaa uliofika mahakamani. Tofauti kubwa imo katika sanduku la fedha. Hapa ndipo tunapofanya hesabu. Mwandishi, andika.

Tuseme mwuzaji wa jumla wa Ngara mjini amekupa bidhaa za shilingi 900,000, akakwambia, "Nilipe baada ya siku 30." Wewe unaziuza zote kwa siku 15, unapata shilingi 1,000,000. Jioni ya siku ya 15 unafungua sanduku, unaona milioni nzima. Moyo unaruka. Lakini fedha hiyo ni ya nani? Shilingi 900,000 ni za mwuzaji wa jumla. Zinabaki 100,000. Toa kodi ya nyumba 30,000, mshahara wa kijana anayekusaidia 40,000, na gharama ya kusafirisha mzigo 10,000. Jumla ni 80,000. Iliyobaki ni shilingi 20,000. Basi katika milioni ile, iliyo yako hasa ni 20,000 tu, yaani shilingi 2 katika kila 100.

Mtu asiyeandika hesabu haoni hizo mbili. Yeye huona mia. Kwa hiyo hutoa 500,000 akafungua duka la pili: mbao za rafu, mlango, kufuli, kodi ya mwanzo. Siku ya 30 mwuzaji wa jumla amekuja. Sandukuni mna kiasi gani? Toa gharama 80,000 na zile 500,000, zinabaki 420,000. Deni ni 900,000. Pungufu ni 480,000. Huwezi kumlipa kwa mbao na misumari. Na kwa faida ya shilingi 20,000 kwa kila mzigo, kuliziba shimo hilo kunataka mizigo 24. Lakini nani atakupa mzigo hata mmoja, hali hujalipa wa kwanza? Rafu zinakuwa tupu, mteja anakwenda kwingine, na duka la kwanza, lililokuwa zima kabisa, linakufa kwa ajili ya la pili. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ndugu wasikilizaji, ongezeni sifuri nyingi katika hesabu hiyo na mtaipata habari ya Nakumatt.

Je, ni vibaya basi kuuza bidhaa za mkopo? Sivyo. Maduka makubwa mengi duniani huuza bidhaa kabla hayajazilipa. Siri ni kujua fedha hiyo ifanye kazi gani kabla ya siku ya kulipa. Katika zile siku 15 zilizobaki, ukiitumia kununua sukari itakayokwisha kwa wiki moja, fedha itarudi sandukuni pamoja na faida, na kodi ya nyumba ni ile ile ya mwezi mmoja. Ukiigeuza jengo, haitarudi kwa wakati. Jengo lijengwe kwa faida yako mwenyewe, au kwa fedha ya mwenzako aliyekubali kungoja miaka. Naivas walipotaka nguvu zaidi, mwaka 2020 waliwauzia watu wa nje fungu la kampuni, kiasi cha 30 katika 100. Walikubali kugawana umilki, kuliko kuupanua mji wao kwa fedha ya muuza maziwa na muuza mkate.

Jambo la pili ni kulijua kila tawi kwa hesabu yake. Tazameni kampuni ya Uchumi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975. Mwaka 2006 ilifungwa kwa ajili ya madeni, ikafufuliwa. Ikajipanua tena, na mwezi wa Oktoba 2015 ikafunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda. Wakuu wake walieleza kwamba nchi hizo mbili zilileta chini ya sehemu 5 katika kila 100 za biashara yake, lakini zilikula zaidi ya sehemu 25 katika kila 100 za gharama. Tawi namna hiyo ni kama kijana mkubwa asiyelima lakini anakula sahani tano. Sasa ukichanganya fedha za maduka mawili katika sanduku moja, utamjuaje anayekula bila kulima? Mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la tatu ni kumfuata mteja. Hapa wazee wetu watakumbuka. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi Tanzania yalifungwa ili maduka ya ushirika ya vijiji yashike mahali pake. Nia ilikuwa kumwondolea mkulima mnyonyaji. Lakini mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa tayari, bila watu waliofunzwa kuweka hesabu, na bidhaa zilitegemea kilichopo katika ghala la Kampuni ya Biashara ya Mkoa, si alichotaka mteja. Watu walikosa chumvi na sabuni, na agizo likabidi kulegezwa. Somo ni kwamba matawi mengi yaliyofunguliwa kwa siku moja hayana mizizi. Duka la ushirika si baya kwa kuwa ni la ushirika, wala la mtu binafsi si zuri kwa kuwa ni la mtu binafsi. Daftari haliulizi mwenye duka ni nani.

Maana huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mwezi wa Desemba 1844, wafumaji na mafundi maskini wapatao 28 walifungua duka la ushirika lenye unga, siagi, sukari na vitu vichache tu. Walikuwa na sharti gumu: hakuna kukopesha, kila mtu alipe taslimu. Polepole wakaongeza bidhaa, kisha wakafungua matawi, na mfano wao ukaenea duniani.

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, hapa Ntobeye utamnyimaje jirani chumvi, na kahawa yake bado haijauzwa?" Swali la haki. Sikuambii umnyime. Nakuambia uandike jina, kiasi na siku, na uweke mpaka: mkopo wote wa wateja usizidi faida yako mwenyewe uliyokwisha kuiweka. Ukikopesha jirani kwa fedha ya mwuzaji wa jumla, umetoa sadaka kwa mali ya mtu mwingine.

Sasa, wewe unayetamani duka la pili, fanya mambo manne. Kwanza, weka fedha ya mwuzaji wa jumla mbali na yako kila jioni. Pili, ngoja mpaka faida ya duka la kwanza ijenge la pili. Tatu, kila duka liwe na daftari lake. Nne, kabla ya kuanza, andika siku ambayo tawi lisipojilisha utalifunga, nawe ulifunge bila haya. Kufunga tawi moja si aibu. Aibu ni kumkimbia jirani aliyekukopesha.

Haya, maswali ya vikundi. Moja: Katika hesabu yetu, mwenye duka angekuwa na faida yake ya 500,000 akibani kabla ya kufungua la pili, siku ya 30 angeweza kulipa deni? Kisha angebakiwa na ngapi? Mbili: Taja duka moja mnalolijua lililokufa, bila kumtaja mwenyewe. Je, lilikosa wateja, au lilikosa daftari? Tatu: Ikiwa kikundi chenu kina akiba, nani kati yenu anayejua leo hii fedha iliyomo ni ya nani?

Zungumzeni kwa upole, kila mtu asemewe zamu yake. Tutakutana tena katika somo lijalo. Kwaherini.